Tofauti Inayogawanyika kwa Tisa

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya wanafunzi wa sasa)



Katibu wetu aliponiandikia kuniomba nizungumze nanyi, alinipa na kichwa cha maneno: "Mafunzo ya Maisha". Niliikalia barua ile siku tatu. Kichwa hicho ni kikubwa mno kwa mtu aliyekula mshahara miaka 40 kwa kuhesabu magunia. Humu ukumbini wamo madaktari, wamo wanasheria, na yumo mwenzetu mmoja aliyewahi kutawala wilaya nzima. Hao ndio wangestahili kuwaambieni maisha ni kitu gani. Mimi nilianza kuwa karani, nikawa mtunza stoo, nikawa mkaguzi wa hesabu, na tangu mwaka 2013 nimestaafu na nafuga kuku. Kwa hiyo naomba radhi kwa Katibu. Sitasema juu ya maisha yote. Nitasema juu ya hesabu moja tu, ambayo niliikosea mwaka 1983.

Lakini kwanza niwakumbushe wenzangu wa miaka yangu jambo moja. Tulioingia hapa mwaka 1968 tulifundishwa hesabu na mwalimu ambaye sasa ni marehemu. Jina lake sitalitaja, maana nyote mliofundishwa naye mnalijua, na wasiofundishwa naye halitawasaidia. Mwalimu yule hakuwa na kalamu nyekundu. Alikuwa akirudisha madaftari bila alama ya kukosa hata moja. Chini ya kazi yako aliandika maneno mawili tu: "Makosa matatu", au "Kosa moja". Kosa liko mstari gani, hasemi. Ulitafute mwenyewe, ulisahihishe, kisha umrudishie daftari.

Tulimchukia kwa jambo hilo. Tulisema ni mvivu, hataki kusahihisha. Siku moja, nikiwa kidato cha tatu, alinirudishia daftari lenye "Kosa moja". Nikapitia kazi ile mara mbili, sikuona kitu. Nikamrudishia na kumwambia kwamba safari hii amekosea yeye. Hakugombana nami. Kesho yake daftari likarudi: "Kosa moja". Usiku ule nilitafuta hadi taa za bweni zikazimwa, nikaendelea kwa tochi ya kuazima. Kumbe nilikuwa nimeandika 6 yenye shingo fupi, na katika mstari uliofuata nikaisoma mwenyewe kama 0. Nilikuwa nimedanganywa na mwandiko wangu.

Sasa nije kwenye mwaka 1983.

Wakati huo nilikuwa mtunza stoo katika shirika moja la ugawaji wa bidhaa, katika mji mmoja wa mkoani. Wanafunzi wa leo hamwezi kujua maneno hayo yalikuwa na uzito gani. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Uganda vya 1978 na 1979, fedha za kigeni hazikuwapo, na madukani hamkuwa na kitu. Watu walipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri. Sukari ilikuwa ya kugawiwa kwa kilo, kwa orodha. Mwaka ule wa 1983, Waziri Mkuu akiwa Hayati Edward Sokoine, ilianzishwa kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi. Sheria maalumu ikatungwa na mahakama yake maalumu. Wengine waliokuwa wameficha mali walizitupa vichakani usiku. Katika mwaka kama huo, mtu akisema stoo ya serikali imepungukiwa na magunia 18 ya sukari, anasema jambo linaloweza kumfunga mtu miaka mingi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwisho wa Juni, mwaka wa fedha unapofungwa, tulihesabu mali. Kadi ya stoo ilionyesha salio la magunia 146 ya sukari. Magunia yaliyokuwa chini, tukiyahesabu kwa vidole, yalikuwa 128. Tukayahesabu tena. 128.

Stoo ile ilikuwa na funguo mbili. Mmoja nilikaa nao mimi. Wa pili alikaa nao msaidizi wangu, kijana wa miaka kama 22, mtulivu, mwenye maneno machache, aliyekuwa akinisaidia kupokea na kutoa mali. Miezi michache kabla ya hapo kijana huyo alikuwa amenunua baiskeli mpya. Baiskeli mpya mwaka ule ilikuwa kitu cha kusimulia mtaani.

Meneja akaniita, akafunga mlango, akaniuliza: "Unamshuku nani?"

Sikutaja jina la mtu. Nilijibu hivi: "Funguo tunazo wawili." Kisha nikaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo lisilohusika, kwamba siku hizi yule kijana anakuja kazini na baiskeli.

Ninawaomba mlitazame jibu hilo kwa makini, maana nimelitazama kwa miaka zaidi ya 40. Hakuna uongo ndani yake hata neno moja. Funguo tulikuwa nazo wawili. Baiskeli alikuwa nayo. Ningeapishwa mahakamani ningeapa kwa moyo mweupe. Hata hivyo jioni ile walikuja askari wawili wakamchukua, na mimi ndiye niliyemkamatisha.

Alipokuwa anatoka aligeuka akaniuliza: "Kaka, umehesabu vizuri?"

Nilikasirika. Nilimwona ana ujeuri. Mimi nilikuwa na miaka kumi ya kazi na cheti cha utunzaji wa hesabu kilichotundikwa ukutani, naye aliyekuja juzi ananiuliza kama nimehesabu vizuri.

Alilala kituoni usiku sita. Alipotolewa, maana hawakuona sukari popote, aliambiwa asitoke mjini na asikanyage kazini mpaka uchunguzi uishe. Baada ya siku chache alifika mkaguzi kutoka makao makuu kwa ukaguzi wa kila mwaka. Alikuwa mzee mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mguu mmoja. Nilimweleza habari yote: kadi, magunia, funguo, baiskeli. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Tofauti ni ngapi?"

"Kumi na nane."

"Inagawanyika kwa tisa?"

Ndugu zangu, nilisikia baridi mgongoni. Kwa sababu jambo alilouliza nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelifundisha mwenyewe kwa makarani wapya. Na wanafunzi waliopo hapa naomba walichukue, litawafaa hata wasipokuwa makarani. Ukipindua tarakimu mbili zinazofuatana, ukaandika 75 mahali pa 57, au 42 mahali pa 24, tofauti utakayopata lazima igawanyike kwa tisa. Hakuna uchawi. Namba yenye tarakimu a na b thamani yake ni kumi mara a, jumlisha b. Ukiipindua inakuwa kumi mara b, jumlisha a. Toa moja katika nyingine, utabaki na tisa mara tofauti ya zile tarakimu mbili. Kumi na nane ukigawanya kwa tisa ni mbili. Kwa hiyo unatafuta kitabuni namba ambayo tarakimu zake zimepishana kwa mbili: 13 na 31, 24 na 42, 57 na 75, na kadhalika. Si ushahidi, maana hata mwizi anaweza kuiba magunia 18. Lakini ndilo jambo la kwanza kutazamwa, na huchukua nusu saa.

Mzee yule hakuharakisha. Kwanza alinusisha 18, akapata 9, akatafuta kama kuna mahali magunia 9 yaliyotolewa yaliandikwa kwenye safu ya yaliyopokelewa, maana kosa la namna hiyo nalo huzaa tofauti iliyo mara mbili ya namba yenyewe. Hapakuwa na kitu. Ndipo akafungua jalada la hati za kupokelea mali, akawa anasoma hati, nami nasoma kadi. Tulifika mwezi wa Aprili. Akasoma: "Hamsini na saba." Mimi nikatazama kadi na sauti ikanikauka. Mbele yangu palikuwa na 75, kwa mwandiko wangu, na sahihi yangu pembeni.

Lori lilileta magunia 57. Sukari haikuibiwa. Magunia yale 18 hayakuwahi kuwapo duniani.

Mzee akavua miwani, akasema tu: "Ulikuwa unajua kanuni hii?" Nikamwambia nilikuwa naijua. Akatikisa kichwa, akaandika taarifa yake.

Hapo ndipo penye jambo ambalo nimelifikiria zaidi kuliko mengine yote. Kwa nini sikuikumbuka kanuni niliyokuwa naijua? Haikuwa kwa ujinga, wala kwa usahaulifu. Ningeona tofauti ya 18 katika kitabu cha mtu mwingine ningeigawanya kwa tisa kabla ya kuketi. Katika kitabu changu sikuigawanya, kwa sababu nilikuwa nimekwisha pata jibu. Mwizi nilikuwa naye kichwani kabla ya kuanza kutafuta, na mtu mwenye jibu hatafuti tena. Wazee husema nyani haoni kundule. Mimi nilikuwa nikidhani msemo ule unawahusu watu wasiojitazama. Kumbe unamhusu hata mwenye kioo mkononi, akikielekeza kwa mwenzake.

Kijana alirudishwa kazini. Naomba nisiwafiche nilichomwambia siku ile. Nilimwambia: "Mambo yamekaa sawa. Kuna lori saa nne." Basi. Sikusema kosa ni langu, sikusema samahani. Nilijiambia kwamba kumwomba radhi mdogo kazini kutaharibu nidhamu ya stoo. Alipokea lori la saa nne. Alifanya kazi nami miezi mitano zaidi, kisha akaacha, sikumwuliza anakwenda wapi.

Mwaka 1985, bado jambo lile linanisumbua, nilinunua daftari dogo la kurasa 48. Nikaamua kwamba kila usiku nitaandika jambo moja tu: mahali ambapo siku ile nilikuwa na uhakika, kisha nikakuta nimekosea. Sikuandika dhambi, hizo zina mahali pake. Niliandika uhakika uliokosea.

Mambo mengine yalikuwa ya kuchekesha. Nilikuwa na uhakika kwamba mke wangu amehamisha miwani yangu, nayo iko juu ya paji la uso. Nilikuwa na uhakika kwamba basi huondoka saa kumi na mbili, nikafika stendi likiwa limekwisha kwenda. Jirani yangu mmoja nilikuwa na uhakika kwamba ananidharau, maana nikimsalimu njiani hapokei. Miezi miwili nzima nilimnunia. Kumbe sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa, na mimi kila asubuhi nilimpita upande wa kushoto.

Lakini daftari lilipojaa nililisoma lote kwa siku moja, na sikucheka tena. Niliandika upande mmoja majina ya watu niliowashuku bure katika muda ule. Alikuwamo msichana aliyetusaidia kazi za nyumbani. Alikuwamo mlinzi wa usiku. Walikuwamo wanangu wawili, na mwuza mkaa. Meneja wangu hakuwamo. Hakuwamo mtu yeyote aliyenizidi cheo au umri. Haiwezekani kwamba wakubwa wangu hawakukosea hata mara moja kwa zaidi ya mwaka. Basi tatizo langu halikuwa kwamba nakosea ovyo ovyo. Nilikosea kwa kuelekea upande mmoja, kama mizani yenye jiwe chini ya sahani. Fundi wa mizani atawaambia kwamba mizani inayocheza huku na huku si ya kuogopa sana, kwani mwenyewe huiona. Ya kuogopa ni ile iliyotulia.

Baadaye sana, katika semina moja ya wafanyakazi, nilionyeshwa mchoro uitwao Dirisha la Johari. Nilipoliona jina nilifurahi, nikadhani hatimaye wataalamu wamechukua kitu kwetu, maana johari kwetu ni kito cha thamani. La hasha. Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harry Ingham, walichora mchoro huo mwaka 1955, wakaunganisha majina yao, Joe na Harry, ikawa Johari. Mchoro wenyewe ni dirisha la vioo vinne. Kioo cha kwanza ni yale ninayoyajua juu yangu nanyi mnayajua. Cha pili ni ninayoyajua mimi nanyi hamyajui. Cha tatu ni mnayoyajua ninyi juu yangu, mimi siyajui. Cha nne hakuna ayajuaye. Mkufunzi wetu alitumia muda mwingi kwenye kile cha siri zetu wenyewe, kwa kuwa watu hupenda kuzungumza juu ya siri. Mimi niliganda kwenye cha tatu. Msichana wa nyumbani kwangu alikuwa anajua juu yangu jambo ambalo nilihitaji daftari la kurasa 48 kulijua. Na asingeniambia, hata ningemwuliza. Nani atamwambia mwenye mshahara wake? Kwa hiyo wale wanaokujua zaidi mara nyingi ndio wasioweza kusema, na ukikaa unangoja uambiwe utangoja sana.

Kwa wanafunzi, najua nyinyi bado hamna stoo wala msaidizi. Mnazo simu. Nimeona katika kundi letu hili la wanafunzi wa zamani, watu wazima wenye wajukuu, jinsi picha ya mtu inavyoletwa saa mbili asubuhi na maneno "huyu ni tapeli, mwepukeni", na ikifika saa tatu imesambazwa mikoa yote. Hakuna aliyeuliza tofauti ni ngapi. Mimi nilipomkamatisha mtu ilinibidi angalau niingie ofisini na kukaa mbele ya meneja.

Na tusidhani kwamba jambo hili ni la wahasibu tu. Mnafundishwa fizikia hapa, basi mmekwisha sikia jina la Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba huko Lushoto, Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Mafriji hayakuwa na nafasi ya kutosha, naye kwa kuogopa kukosa nafasi akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa ya baridi. Alipomwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akawa wa kuchekwa, fizikia yake ikapewa jina lake kwa dhihaka. Hakuacha. Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoitembelea shule, kijana alisimama akauliza swali lile lile, darasa zima likacheka. Osborne hakumwamini, lakini alifanya jambo ambalo mimi sikulifanya mwaka 1983: alirudi akaagiza lipimwe.

Sehemu ninayoipenda katika habari hiyo inamhusu fundi wa maabara. Alipopima mara ya kwanza, akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, na akaahidi kwamba ataendelea kurudia mpaka apate matokeo sahihi! Ninacheka kila nikimkumbuka, na ninamwelewa sana. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha habari hiyo pamoja katika jarida la fizikia. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kama jambo hilo hutokea kweli, na kwa masharti gani. Wao wabishane, ndiyo kazi yao. Mimi ninalotazama ni kwamba wapo walimu wawili waliokuwa na jibu kabla ya kupima, na yupo mmoja aliyepima ingawa naye alikuwa na jibu. Osborne hakuwa na mashaka zaidi ya wale. Alikuwa na desturi tu ya kutoamini uhakika wake mwenyewe.

Narudi kwa msaidizi wangu, kisha nitakaa, maana naona Mwenyekiti anatazama saa.

Mwaka 1996 nilihamishiwa mji mwingine. Siku moja niliingia katika duka la nafaka kununua kilo tano za mchele. Mwenye duka akainua macho, akasema: "Shikamoo kaka." Nikamjua kabla sijaitikia. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele zimeanza kurudi nyuma. Akapima mchele, akaongeza gao moja juu, kama wafanyavyo kwa mteja wa heshima. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka na noti ndani yake.

Nikamwambia: "Kosa la magunia lilikuwa langu. Niliandika 75 mahali pa 57."

Akasema: "Najua. Mkaguzi aliniambia siku ile ile niliyorudi. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Nikamwomba radhi. Akaipokea, bila ugumu wowote, kama alivyopokea ile noti. Kisha, akiwa bado anafunga mfuko wa mchele, akaniambia habari ya mama yake. Kijijini kwao zilifika habari kwamba amekamatwa kwa sukari. Alipoachiwa, watu hawakusema kwamba hakuiba. Walisema ana mtu mkubwa aliyemtoa. Mama yake alifariki mwaka 1988. "Hakuniuliza hata siku moja kama niliiba," akasema. "Ningefurahi kama angeniuliza."

Nilisimama pale sina la kusema. Msamaha nilikuwa nimepewa, lakini deni lilikuwa limehamia mahali ambapo siwezi kulilipa. Nikamwuliza nifanye nini. Akafikiri, akasema: "Mjomba yupo. Yule aliyeninunulia baiskeli."

Hivyo ndivyo nilivyojua baiskeli ilitoka wapi. Miaka 13 nilikuwa nayo katika ushahidi wangu, na sikuwahi kuuliza.

Tulikwenda wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi. Mke wangu alinifungia zawadi za ugenini kama ilivyo ada: majani ya chai, mkate, sabuni, na kilo mbili za sukari. Sukari niliitoa, nikaiacha mezani. Hakuniuliza kwa nini.

Mjomba alikuwa mzee sana, ameketi kwenye kigoda chini ya mwembe, na ndugu wengine kama watano walikuwapo, maana kijana alikuwa ametuma habari kwamba tunakuja. Tulisalimiana kwa kirefu. Nikasimama mbele yao kama ninavyosimama mbele yenu sasa, nikaeleza: kadi, lori, magunia 57, nilichomwambia meneja, na kwamba kijana wao hakuchukua hata punje. Mzee akaniuliza swali moja tu: "Aliyeandika ni wewe?" Nikasema ni mimi.

Akainuka kwa shida, akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu, mpaka nikadhani amekataa kurudi. Alirudi na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi ya duka, ya Desemba 1982, miezi minne kabla ya lile lori kufika. Ilikuwa ya baiskeli moja, imelipwa taslimu baada ya kuuza pamba ya msimu ule, na jina la mnunuzi ni lake mzee. Alikuwa ameiweka tangu siku aliyosikia mpwa wake amekamatwa, akingoja mtu aje kuiuliza. Hakuja mtu.

Akanipa, akaniambia niisome kwa sauti ili wote wasikie. Nikavaa miwani, nikaisoma: tarehe, bidhaa, bei, jina. Aliniomba nirudie tarehe, kwa sababu ndugu mmoja hakusikia vizuri, nikairudia. Kisha akaichukua, akaikunja mara nne kama ilivyokuwa, akairudisha katika bahasha, na chakula kikaletwa.